Usiniulize Alipiga Saksafoni Gani. Uliza Alilipwa Ngapi

Kila nikiweka klipu ya mtu anapuliza saksafoni, swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo ni saksafoni gani?" La pili: "Anatumia mdomo gani?" La tatu: "Inauzwa pesa ngapi?" Tunafikisha maswali mia na hakuna hata mtu mmoja ameuliza jina la yule anayepuliza.

Basi leo tutakosana kidogo, na ni sawa.

Nasema hivi: rokenroli ilijengwa na saksafoni kabla gitaa halijatawala, na watu waliozipuliza walichukuliwa kama vibarua. Jina la kiwanda lilichongwa kwenye shaba. Jina la mpigaji mara nyingi halikuandikwa hata kwenye kasha la santuri. Na sisi mashabiki tumeendeleza huo ujinga mpaka leo. Tunajua modeli za vyombo kuliko tunavyojua majina ya watu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikusomea muziki, kwa hivyo usinitisha na vyeti. Hii mada inahitaji masikio na hesabu ya darasa la sita tu.

MMEMSIKIA, HAMJUI TU

Mnakumbuka "The Edge of Glory" ya Lady Gaga, mwaka wa 2011? Ule mlio wa saksafoni unaoingia katikati ya wimbo kama mtu amepiga mlango teke? Kwa video kuna mzee mkubwa ameketi kwenye ngazi, amevaa miwani, anapuliza bila haraka. Huyo anaitwa Clarence Clemons. Video ilitoka tarehe 16 Juni 2011. Tarehe 18 Juni akafariki, baada ya kupata kiharusi. Alikuwa na miaka 69.

Sasa rudi nyuma uone maisha yake, kwa sababu hapo ndipo mambo yako.

Alizaliwa 1942 huko Virginia. Baba yake alikuwa anauza samaki, babu yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Krismasi moja, akiwa na miaka 9, alitaka treni ya kuchezea ya umeme. Baba akamletea saksafoni ya alto. Hebu fikiria sura ya huyo mtoto. Baadaye alienda Maryland State College kwa nguvu ya vitu viwili, muziki na mpira wa Kimarekani. Alikuwa na mwili wa mpira kweli kweli, na ndoto ya kulipwa kwa kuucheza. Ajali ya gari ikaimaliza hiyo ndoto.

Kwa hivyo akafanya nini? Akaajiriwa New Jersey kwenye shule ya kurekebisha tabia ya wavulana. Miaka. Mchana anawashughulikia vijana waliokosana na sheria, usiku anapuliza kwenye vilabu vya baa. Hii sehemu hakuna mtu huitengenezea video, kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha. Lakini ndipo mlio wake ulipopikwa. Kwenye kilabu chenye kelele, mbele ya watu waliokuja kunywa, unajifunza haraka noti gani inafanya mtu aweke glasi chini.

Mwaka wa 1971, kule Asbury Park, akakutana na kijana mweupe mwembamba anaitwa Bruce Springsteen. Wenyewe walipenda kusimulia kwamba usiku huo kulikuwa na dhoruba, Clemons akafungua mlango wa kilabu na upepo ukaung'oa mlango wenyewe. Amini au usiamini. Kilichofuata hakina ubishi: alikuwa nguzo ya E Street Band karibu miaka 40.

ANGALIA HILO KASHA VIZURI

Albamu ya "Born to Run" ilitoka 1975. Picha yake ya kasha ni moja ya picha maarufu kabisa za roki. Springsteen ameshika gitaa, anatabasamu, ameegemea bega la mtu. Ukiangalia upande wa mbele peke yake, unaona Springsteen na bega. Ili umwone mwenye bega, na saksafoni yake mdomoni, lazima ulifungue kasha uone upande wa nyuma.

Sijasema Springsteen ni mtu mbaya. Enyewe alimpenda Clemons na alimsifu mbele ya watu maisha yake yote. Lakini hiyo picha ni somo zima la biashara ya muziki: mmoja yuko mbele, mwingine anabeba uzito, na inabidi ufungue ndio umwone.

Ndani ya albamu hiyo kuna wimbo unaitwa "Jungleland", zaidi ya dakika 9. Solo ya Clemons inachukua zaidi ya dakika 2 za hizo. Inasimuliwa kwamba kuirekodi kulichukua kama saa 16, Springsteen akichagua noti moja moja, Clemons akirudia na kurudia. Saa 16, buda. Wewe ukirudia kurekodi video yako mara tatu unasema umechoka kiakili.

Halafu 1989 simu ikapigwa. Clemons alikuwa Japani kwenye ziara na Ringo Starr wa Beatles. Springsteen akamwambia kwamba bendi anaiweka kando, anataka kufanya kazi na watu wengine. Miaka 18 ya jasho, na yote yakaingia ndani ya simu moja. Bendi ilirudi baadaye, sawa. Lakini hapo unajua mwajiri ni nani na mwajiriwa ni nani.

Mwaka wa 1999 Springsteen akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame. Peke yake. E Street Band wakaingizwa 2014. Fanya hesabu: Clemons alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mpiga kinanda wao Danny Federici alikuwa ametangulia 2008. Heshima ilifika, wenyewe wakiwa kaburini.

Na mkumbuke kitu kimoja: huyu Clemons ndiye aliyebahatika. Alikuwa na jina, alikuwa kwenye kasha, aliandikwa, alipendwa. Huyo ndiye mfano mzuri! Sasa nikupeleke kwa wale wengine.

ORODHA YA WATU AMBAO HUWAJUI

"Rocket 88", 1951, ilirekodiwa Memphis kwa Sam Phillips. Wengi huitaja wakitafuta rekodi ya kwanza ya rokenroli. Anayeimba ni Jackie Brenston, ambaye kazi yake kwenye bendi ilikuwa kupuliza saksafoni. Anayepiga saksafoni ya tenori nyuma yake ni Raymond Hill. Mkono juu kama umewahi kusikia jina la Raymond Hill kabla ya leo.

"Tutti Frutti" ya Little Richard, 1955, New Orleans, studio ya Cosimo Matassa. Kila mtu anakumbuka zile kelele za Richard. Yule anayepokea kijiti katikati na kupuliza kama mtu anabishana na jirani ni Lee Allen. Allen alipiga pia kwa Fats Domino. Nyimbo ambazo mlio wake ndio ulizikamilisha ziliuza na kuuza, na wapigaji wa studio wa enzi hiyo walikuwa wanalipwa kwa kikao: unaingia, unapiga, unachukua pesa yako ya siku, kwaheri. Miaka ya 1980 Allen alikuwa bado barabarani, anapiga na bendi ya vijana, The Blasters.

King Curtis, mtoto wa Texas. "Yakety Yak" ya The Coasters, 1958, ile saksafoni inayokwaruza kama kuku amekasirika ni yake. "Respect" ya Aretha Franklin, 1967, solo ni yake. Agosti 1971 alichomwa kisu nje ya jengo lake New York akafa, miaka 37. Mwaka wa 2000 Hall of Fame wakamwingiza, kwenye kitengo kipya walichokiunda cha wapigaji wa pembeni. Pembeni! Toa saksafoni kwenye "Yakety Yak" halafu uniambie kimebaki nini katikati.

Bobby Keys, Mtexas mwingine. Alizaliwa 18 Desemba 1943, siku ile ile na Keith Richards wa Rolling Stones. Solo ya "Brown Sugar" ni yake. Alizunguka na Stones, akala raha nao, akaharibikiwa nao, akarudi tena, mpaka alipofariki 2014. Je, aliwahi kuwa mwanachama rasmi wa Rolling Stones? Hapana. Alikuwa mwajiriwa.

Na msidhani ni wale wadogo tu. Sonny Rollins, mmoja wa miamba ya jazz duniani, alipiga kwenye nyimbo tatu za albamu ya Stones ya 1981, "Tattoo You". Jina lake halikuandikwa. Sonny Rollins, jameni! Ni kama upike pilau ya harusi nzima halafu kwenye shukrani wataje sufuria.

Uingereza nako, 1978, "Baker Street" ya Gerry Rafferty. Ukiulizwa uimbe huo wimbo, hutaimba maneno, utaimba saksafoni. Aliyeipiga ni Raphael Ravenscroft. Simulizi maarufu ni kwamba alilipwa pauni 27, kiwango cha kawaida cha kikao.

SASA TUONGEE VIFAA, KWA SABABU NAJUA MNATAKA

Sichukii vifaa. Naona tu kwamba tunavipa sifa ambazo si zao.

Saksafoni ilipewa hataza Paris mwaka wa 1846, mali ya fundi Mbelgiji, Adolphe Sax. Ni bomba la shaba linalopanuka kuelekea chini, lakini sauti inaanzia kwenye ulimi wa mwanzi uliofungwa kwenye mdomo wa kupulizia. Umbo hilo linaipa sauti nene na kubwa. Ndiyo maana bendi za densi za Wamarekani weusi miaka ya 1940 ziliipenda: gitaa lilikuwa bado dogo, saksafoni ndiyo iliweza kupigana na ngoma na umati. Big Jay McNeely alikuwa anapuliza akiwa amelala chali jukwaani, watu wanapandwa na wazimu. Rokenroli ilirithi hiyo fujo.

Wanaoongea vifaa hutaja Selmer Mark VI, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa 1954. Clemons anahusishwa nayo sana. Leo tenori iliyotumika ya modeli hiyo inauzwa maelfu ya dola. Sawa. Lakini hiyo hiyo Mark VI ndiyo aliyopiga John Coltrane. Ndiyo aliyopiga Sonny Rollins. Chombo kimoja, na ukiwaweka hao watu watatu nyuma ya pazia, mtoto mdogo atakwambia ni watu tofauti. Sasa kama sauti ilikuwa kwenye Mark VI, mbona hawafanani?

Mdomo wa kupulizia una maana zaidi. Wapigaji wengi wa roki walipenda wa chuma, wenye sakafu iliyoinuka ndani. Pale hewa inapobanwa inakimbia, na sauti inatoka kali, yenye makali ya kukata katikati ya gitaa za umeme. Ule wa ebonaiti wenye nafasi ndani unatoa sauti laini zaidi. Hiyo ni kweli na unaweza kuijaribu mwenyewe.

Ulimi nao ni kipande cha mwanzi. Unachakaa. Unanunua kisanduku, mmoja unalia vizuri, mwingine unalia kama mlango wa choo cha shule, na ule mzuri ndio unavunjika Jumamosi kabla ya shoo. Hii ni gharama ya kila mwezi ambayo hakuna anayeipigia picha.

Halafu kuna ule mngurumo. Ile sauti chafu ya King Curtis, ya Clemons, ambayo mnaniuliza inatoka kwa kifaa gani. Haitoki kwa kifaa. Mpigaji anaimba au kunguruma kooni wakati huo huo anapuliza. Sauti ya koo na sauti ya chombo zinagongana ndani ya bomba, na huo mgongano ndio roki. Koo haliuzwi dukani. Hakuna kiwanda kimechonga jina lake kwenye koo la mtu.

Mnaona sasa mbona nakasirika? Kitu ghali zaidi kwenye huo mlio kilikuwa ni mwili wa mtu: mapafu, koo, midomo, miaka ya kupiga baa. Na ndicho kitu pekee kilicholipwa kwa bei ya siku moja.

"LAKINI WALIKUBALI WENYEWE"

Najua mtakuja na hili. Walikubali malipo ya kikao, hakuna aliyewalazimisha, wimbo ni wa aliyeuandika.

Jibu langu la kwanza: mtu anayedaiwa kodi ya nyumba hukubali mambo mengi. Kukubali hakufanyi bei iwe ya haki.

La pili: sheria zenyewe zimepinda. Redio za kawaida za Marekani, AM na FM, hulipa watunzi wa nyimbo. Waliopiga na walioimba hazilazimiki kuwalipa chochote. Kwa redio za intaneti na setilaiti, kuna mgawo wa kisheria: kila dola 100, mwenye rekodi anapata 50, nyota anapata 45, na 5 zinabaki kwa wengine wote. Hizo 5 zinagawanywa tena, nusu kwa waitikiaji na nusu kwa wapigaji. Yaani wapigaji wote wa pembeni, kutoka ngoma mpaka saksafoni, wanapigania dola 2 na senti 50. Na hapo ndipo pameboreshwa!

La tatu: kama mchango wao ni mdogo hivyo, mbona ndio mnaouimba kooni mkioga?

HII INATUHUSU SISI PIA

Hapa Kenya saksafoni iko kila mahali siku hizi. Maharusi wanaingia nayo, kanisani inapigwa wakati wa sadaka, hotelini inapigwa watu wakila. Vijana wanachanga, wanakopa, wananunua chombo. Halafu wanaitwa studio, wanapuliza saa tatu, wanapewa nauli na ahadi ya "tutakutag". Wimbo unatoka, na kwenye maelezo wametaja mpaka aliyempaka msanii vipodozi. Mpiga saksafoni hayuko.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua mtumbuizaji na inampa haki kwenye utumbuizaji wake. Haki ipo kwenye karatasi. Lakini haki ambayo hujui unayo, utaiuza kwa soda.

Na sisi wa kontenti tuko mule mule. Mnauliza kamera gani, taa gani, maikrofoni gani. Kuna biashara moja iliwahi kuchukua video yangu, ikakata jina langu, ikaitumia kutangaza bidhaa zao wiki nzima. Nilipouliza malipo nikaambiwa nimepata "kuonekana". Kwani mwenye nyumba wangu anapokea kuonekana? Kamera nzuri haingenisaidia hapo. Karatasi iliyotiwa sahihi ingenisaidia.

Ndiyo maana nasema mapenzi ya vifaa yana faida kwa watu fulani. Muuza vifaa anafurahi ukiamini kwamba kinachokupungukia ni chombo kipya. Mwenye studio anafurahi ukiwa na haya ya kuuliza pesa. Wote wawili wanakula. Wewe unabaki na Mark VI ya mkopo na njaa.

Kwa hivyo, wasee, tukubaliane mambo matatu.

Moja, ukiitwa kupiga, kabla hujatoa chombo kwenye mkoba uliza: nalipwa ngapi, jina langu litaandikwa wapi, na wimbo ukiuza napata nini? Iandikwe. Hata kwa ujumbe wa simu, iandikwe.

Mbili, wewe msanii unayeita wapigaji: waandike majina. Hayakugharimu hata shilingi. Halafu walipe, na hiyo itakugharimu, na ndivyo inavyotakiwa.

Tatu, wewe shabiki. Leo usiku cheza "Jungleland" mpaka mwisho, halafu "Respect", halafu "Tutti Frutti". Kila saksafoni inapoingia, taja jina la mtu kwa sauti: Clarence Clemons, King Curtis, Lee Allen. Jirani akiuliza unaongea na nani, mwelezee.

Anayetaka kunipinga, karibu hapo chini, lakini njoo na majina. Mtu wa kwanza kuniandikia "bro, hiyo ni saksafoni gani" namfungia.